Nati Moja ya Gari la Kikundi

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika habari za mitihani, lakini watu wengi wametuomba tueleze kwanza mambo ya gari la kikundi. Maneno yamekuwa mengi hapa kambini. Wengine wanasema dereva aliuza injini akaweka mbovu, wengine wanasema eti gari limerogwa. Sisi walimu wawili wa kujitolea tulikuwa ndani ya gari hilo tangu mwanzo mpaka mwisho, tena tuna kosa letu humo, kwa hiyo tunaandika kama tulivyoona.

Gari mnalijua. Ni ile HiAce nyeupe ya petroli ambayo kikundi cha akiba kilinunua ikiwa imeshazeeka, kwa pesa zilizokusanywa kila Jumamosi chini ya mwembe. Inabeba mahindi na maharage kwenda sokoni, na mara mojamoja inabeba mgonjwa.

Safari hii ilikuwa ya mgonjwa. Kuna mama hapa kwetu ana mtoto wa miezi mitano ambaye kichwa chake kilianza kukua haraka kuliko mwili. Majirani walisema mengi, mpaka wengine wakaacha kuingia nyumbani kwake. Huo ni ugonjwa, unaitwa kichwa maji. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia yake ikiziba, maji yanajaa, na kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa bado haijashikana, basi kichwa kinapanuka. Hapa Uganda watoto wengi wanaupata baada ya kuugua maambukizo makali katika wiki za kwanza za maisha yao. Kituo cha afya kilimwandikia mama barua aende Mbale, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, ambayo ilifunguliwa mwaka 2001 na inajulikana mbali sana kwa kutibu ugonjwa huo. Miadi ilikuwa Jumanne asubuhi. Sisi tulitumwa kusindikiza kwa sababu mama anajua Kiswahili tu na lugha ya kwao, na daktari angehitaji mtu wa kutafsiri.

Tuliondoka Jumapili kabla ya alfajiri, tukalala Kampala kwa ndugu, Jumatatu tukaendelea. Tulipofika msitu wa Mabira gari likaanza kukohoa. Likawa halina nguvu, linatoa moshi mweusi. Dereva akasema ni vumbi la barabara yetu limejaa kwenye eya klina, injini inakosa hewa, tutasafisha Jinja. Tukavuka mto Nile juu ya lile daraja jipya la kamba nene, lililofunguliwa Oktoba 2018. Mama akachungulia dirishani akauliza, "Mwalimu, haya maji ndo yanaenda mpaka Misri?" Tukamwambia ndiyo, haya haya. Akamwinua mtoto ili naye aone.

Jinja tulisimama kwenye gereji ya kando ya barabara. Hatutaitaja. Fundi alikuwa kijana mdogo, pengine ana miaka kumi na saba, mwepesi na mwenye heshima. Kama mnavyojua, injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo aliinua kiti, akafungua kifuniko kilichokaa juu ya mdomo wa kabureta, akatoa kichungi, akakipuliza kwa upepo wa kompresa. Vumbi lilitoka kama unga wa mashine. Nati iliyokuwa inashika kifuniko, pamoja na washa yake, aliziweka pale pale ukingoni mwa kabureta, mdomo ukiwa wazi. Dereva alikuwa ng'ambo anakunywa chai. Sisi tulikuwa tumesimama karibu tunatazama.

Kijana alipogeuka kuchukua kifuniko, kiwiko chake kikagusa. Tukasikia "ting". Halafu tena, kwa sauti ndogo zaidi, "ti".

Akasimama. Akatazama chini ya gari, akapapasa kwa vidole kando ya injini, akatutazama sisi, akatazama upande aliko bosi wake. Kisha akachukua kopo la nati kuukuu, akachagua moja inayofanana, akafunga kifuniko. Sisi tulitazamana. Hatukusema neno. Tulijiambia nati ni kitu kidogo, imeanguka chini, na tuna haraka. Dereva akarudi, akalipa elfu kumi, tukaondoka. Gari lilikuwa na nguvu kweli kweli, mpaka tukamsifu kijana.

Sasa mtauliza, kama nati ilikuwa imeingia ndani, kwa nini gari lilitembea vizuri kutoka Jinja mpaka Iganga? Sisi wenyewe tuliuliza hivyo baadaye. Kabureta ya gari hilo ina koo mbili. Ya kwanza inafanya kazi wakati wote. Ya pili imefungwa na kibati cha mviringo kama sarafu, na inafunguka pale tu dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Nati na washa vilikuwa vimekaa juu ya kibati hicho vinangoja.

Iganga tulikata kushoto, tukashika barabara ya Tirinyi. Baada ya mwendo kidogo tukakuta trekta la miwa linatambaa, mikokoteni miwili nyuma. Dereva akaona njia iko wazi, akakanyaga mafuta apite. Hapo ndipo ilipoanza: ka-ka-ka-ka-ka! Mama alikuwa amekaa mbele, juu ya injini hasa. Akasema, "Baba, kuna kitu kinagonga chini yangu kama mtu yuko mlangoni." Dereva akadhani ni bomba la ekzosi limelegea. Akaendelea. Alipopunguza mwendo sauti ikapungua, alipoongeza ikaongezeka, na gari likaanza kutetemeka kama mtu wa malaria. Karibu na daraja la mto Mpologoma, pale kwenye mashamba ya mpunga, akazima.

Hapa lazima tueleze kidogo, maana ndo kiini cha habari. Ndani ya injini kuna pistoni nne, kila moja inapanda na kushuka ndani ya silinda yake. Ikishuka mara ya kwanza inavuta hewa na petroli kupitia valvu. Ikipanda inabana. Plagi inatoa cheche, moto unaisukuma chini, ikipanda tena inatoa moshi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida barabarani, kila pistoni inafika juu mara 50 kwa sekunde moja. Na ikifika juu, nafasi iliyobaki kati yake na hedi ni ndogo sana. Wekeni nati hapo. Inapigwa kati ya chuma na chuma mara 50 kila sekunde. Dakika mbili tu ni mapigo 6,000.

Tukakaa kando ya barabara, jua linachwea. Hapo tuligawana. Mmoja wetu alipanda taksi ya abiria pamoja na mama na mtoto ili miadi isipotee. Mwingine akabaki na dereva. Ndani ya taksi watu walipoona kichwa cha mtoto wakaanza kunong'ona, na kijana mmoja akahama kiti. Lakini mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na kuku wawili mapajani, akampa kuku hao kijana yule yule awashike, akampokea mtoto akamlaza kwenye kanga yake mpaka Mbale. Hakuuliza chochote. Usiku ule walilala ndani, na asubuhi walifika hospitalini kabla ya saa yao.

Gari lilivutwa kwa kamba na lori la mchele. Tulilala ndani yake nje ya gereji moja upande wa Namatala. Kulipokucha tukaona mlima Wanale umesimama juu ya mji kama ukuta, na mzee mmoja mwenye ovaroli ya bluu anatutazama. Akatusalimu kwa Kigisu, "Mulembe," kisha akasikia Kiswahili chetu akageuza. Alikuwa amefanya kazi Kenya ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji hasa, tena kizuri.

Hakugusa gari kwanza. Alimsikiliza dereva, akatazama oili, akatazama maji kwenye rejeta. Akasema, "Oili ipo. Maji yapo. Asubuhi lilikuwa zima. Mkono wa mwisho kufungua hapa ulikuwa wa nani?"

Dereva akaeleza habari za Jinja. Mzee akainua kiti, akatazama ile nati juu ya kifuniko muda mrefu. "Hii si ya hapa," akasema. "Na washa yake iko wapi? Hii nati haikai bila washa ya springi."

Mwalimu aliyebaki ndipo akasema. Tuliona, mzee. Ilianguka. Tulisikia.

Dereva alimtazama mwalimu kwa macho ambayo hatutaki kuyakumbuka. Lakini mzee hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mlisikia mara ngapi?" Mara mbili, tukasema. Kubwa, halafu ndogo. Akatikisa kichwa, akaanza kufungua plagi.

Plagi tatu zilikuwa sawa. Ya silinda ya tatu, ile ncha yake inayotoa cheche ilikuwa imelazwa kabisa, hakuna nafasi tena. Akachukua sumaku ndogo iliyofungwa kwenye waya, akaiteremsha kwenye tundu la plagi, akazungusha pole pole kama mtu anayevua samaki, akatoa nati. Ilikuwa bapa, inang'aa, imekosa pembe zote.

Dereva akafurahi. "Asante mzee! Weka plagi mpya, twende. Hizi pesa ni za watu."

"Kwa kuwa ni za watu ndo maana siweki," akajibu mzee. "Nati imetoka. Washa je?"

Akamwambia dereva aweke kidole gumba kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza, akazungusha injini kwa spana. Hewa ikasukuma kidole kwa nguvu. Ya pili vile vile. Ya nne vile vile. Ya tatu haikusukuma kitu. Maana yake kuna valvu haifungi, hewa inatoroka. Hapo hapakuwa na ubishi tena, hedi lazima ishuke.

Kazi ikachukua siku nzima. Hedi ilipotoka tukaona juu ya pistoni ya tatu alama nyingi kama mbegu zilizobonyezwa kwenye udongo laini. Ukuta wa silinda ulikuwa salama, bila mikwaruzo mirefu, na mzee akasema hiyo ni bahati kubwa. Kipande cha washa kilikuwa kimebanwa chini ya valvu ya kuingiza hewa, na valvu imepinda kidogo tu, lakini kupinda kidogo kunatosha. Akakitoa kwa koleo, akakiweka juu ya gazeti. Nusu duara. Akakipima na washa nzima ya aina ile ile. Kuna sehemu haipo, ndogo kama ukucha.

Dereva akasema labda imetoka na moshi. Mzee akasema labda. Halafu akasema maneno ambayo tumeyakumbuka mpaka leo: "Labda haifungi injini yangu."

Tuliudhika, tukubali ukweli. Saa kumi ilikuwa imefika, wingu limeshuka kutoka Wanale, tuna njaa, na mzee amepiga magoti anatafuta kipande cha ukucha. Lakini tulipofikiri, tukakumbuka jambo ambalo tulishawahi kuwasomea wanafunzi wetu. Tarehe 25 Julai 2000, kule Paris, ndege ya Concorde ilikuwa inakimbia ili iruke. Dakika chache kabla yake ndege nyingine ilipita pale pale na kuangusha ukanda wa chuma, urefu kama sentimita 43. Gurudumu la Concorde likaukanyaga, likapasuka, vipande vikapiga tangi la mafuta, moto ukawaka. Watu 113 walikufa, wanne kati yao wakiwa chini, hawakuwa hata wasafiri. Ndiyo maana mafundi wa ndege wanahesabu vifaa vyao kabla ya kufunga, na watu wanatembea uwanjani wakiokota hata skrubu moja. Madaktari nao ni hivyo hivyo. Katika orodha ya usalama ya upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 imo hatua ya kuhesabu vifaa na vitambaa kabla mgonjwa hajatoka chumbani.

Mzee alifungua manifoldi, lile bomba la matawi manne linalogawa hewa kwa silinda. Akaeleza kwamba kitu kikipigwa ndani ya silinda, valvu ikifunguka kinaweza kurushwa nyuma mpaka kwenye manifoldi, halafu kikavutwa na silinda nyingine. Akapitisha sumaku tawi baada ya tawi. Kwenye tawi la silinda ya kwanza ikanasa. Akakiweka kipande juu ya gazeti karibu na mwenzake, duara likakamilika. Kama tungewasha gari saa nne ile, leo tungekuwa tunaandika habari za silinda mbili.

Usiku ule alitupa chai, akatuambia kwamba mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo, maji yaliingia gereji yake na kuchukua karibu spana zote. Watu wengi walikufa Mbale siku ile, akasema, kwa hiyo yeye halalamiki. Lakini tangu hapo kila jioni anahesabu spana anapozirudisha ukutani. Tulimwona akifanya hivyo.

Jumatano hedi ilipelekwa kwa watu wa mashine kuangalia kama imenyooka, ikasagwa kidogo. Valvu mpya ikanunuliwa. Mzee akaisugua kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia mpaka ikashika pande zote, kisha akamwaga petroli juu yake akangoja kuona kama itavuja. Haikuvuja. Zile alama kwenye pistoni alizilainisha kwa msasa, kwa sababu ncha kali zikipata moto zinawasha petroli kabla ya wakati wake. Hed gasketi ikawa mpya, maana ya zamani ikishafunguliwa hairudishwi. Bolti akazikaza kuanzia katikati kwenda nje, mizunguko mitatu, kidogo kidogo. Jioni gari likawaka mara ya kwanza.

Siku hiyo hiyo mtoto alifanyiwa upasuaji. Daktari alieleza, na mmoja wetu akatafsiri, kwamba wanapitisha kamera nyembamba kwenye tundu dogo, wanafungua njia nyingine ndani ya ubongo ili maji yapite yenyewe, na kwa mtoto huyu hawakuhitaji kuacha mpira ndani ya mwili. Mama aliuliza swali moja, "Atanijua?" Daktari akasema, mwangalie, anakujua tayari.

Sasa pesa, maana hapo ndipo fitina ilipo. Kuvutwa na lori shilingi 120,000. Gasketi 130,000. Valvu na plagi 75,000. Mashine ya hedi 60,000. Fundi 160,000. Jumla 545,000. Sanduku lilikuwa na 700,000, zimebaki 155,000. Risiti ziko kwa mweka hazina, anayetaka aende akazione.

Tuliporudi Jumatatu iliyofuata tulisimama Jinja. Bosi wa gereji alisema hatuna ushahidi, akatufukuza. Tulikuwa tumeshafika steji yule kijana alipotufikia anakimbia. Akamwambia dereva kwamba aliiona ikiingia. Aliogopa, kwa sababu pale kila kinachopotea au kuharibika kinakatwa kwenye mshahara wake, hata nati. Akatoa elfu kumi, zile zile tulizolipa. Dereva akazipokea. Sisi hatukufurahi, lakini tungesema nini? Kijana alinyamaza kwa kuogopa mshahara. Sisi tulinyamaza bila kuogopa chochote.

Kwenye mkutano wa kikundi baadhi ya wanachama walitaka tulipe nusu ya hasara. Wengine walisema walimu wa kujitolea watatoa wapi. Tumekubaliana kutoa elfu tano kila Jumamosi mpaka mwisho wa muhula, na tumeshaanza. Pia kuanzia sasa ndani ya gari kuna kopo lenye kifuniko na kitambaa safi. Injini ikifunguliwa popote, kitambaa kinafunika mdomo wa kabureta na nati zinaingia kopo, na abiria yeyote, hata mtoto wa shule, ana ruhusa ya kuuliza kama zimerudi zote.

Mtoto anaendelea vizuri. Ananyonya, hatapiki tena, na kituo cha afya kinampima kichwa kwa tepu kila mwezi. Mzazi akiona kichwa cha mtoto kinakua upesi, utosi umevimba, anatapika mara kwa mara, au macho yanaangalia chini kama jua linalozama, asingoje majirani waseme. Aende kituo cha afya wampime.

Gari litakwenda tena Mbale mwezi ujao kumrudisha mtoto kwa daktari. Nafasi mbili bado zipo kwa wenye barua ya hospitali. Mtukute shuleni Jumamosi baada ya saa nane.